Flashi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu na mimi tulipendana sana kwa sababu yeye alikaa Beni na mimi Butembo. Barabara yote ile iliyo katikati ilifanya kazi nzuri ya kutupatanisha. Kila mara nilipopata mtu wa kwenda huko nilimpelekea chakula, na kila mara alinirudishia vyombo vyangu, wala hakuna hata kimoja kilichowahi kurudi kitupu. Kwenye bakuli kulikuwa na karanga, kwenye sahani mchele wa kule kwao, na siku nyingine sukari iliyofungwa kwenye kitambaa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mkono mtupu haulambwi, na sahani tupu ni tusi lisilohitaji mdomo. Nilijivunia sana zile sahani. Niliwaonyesha majirani zangu wa mtaa wa Mususa, hasa wale ambao mama wakwe zao huwarudishia vifuniko tu.

Siku za kawaida hakunipigia simu kabla ya jioni. Kwa hiyo alipopiga Jumanne asubuhi, nikajua kuna neno.

"Mukwe," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, "uko peke yako?"

Nilikuwa dukani kwangu, mahali ninapotengeneza kompyuta za watu. Nikamjibu niko peke yangu.

"Machine yangu imekufa. Hapana ambia bwana yako."

Hapa ni lazima nieleze habari za huyu mama. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alipostaafu alikataa kukaa uani akichunga kuku. Alinunua kompyuta ya mtumba na printa, akafungua kibanda mbele ya nyumba yake, akawa anachapa kila kitu ambacho mtaa wake ulitaka kwenye karatasi: programu za harusi, matangazo ya vifo, mitihani ya shule, maombi ya kazi. Alichapa kwa vidole viwili, lakini vilikuwa vidole viwili vya mwalimu mkuu. Ukimletea maombi ya kazi yenye makosa, aliyasahihisha kwanza, na wewe ulisimama palepale ukisomewa makosa yako mbele ya watu. Watu walilalamika, kisha wakarudi, kwa sababu maombi yaliyopita mikononi mwake yalipokelewa.

Wanawe walikuwa wanatafuta njia ya kumtoa Beni. Mume wangu ndiye mkubwa wao, na siwezi kuwalaumu. Beni ina wiki zake za mashambulizi ambazo ukisikia redioni jina la mtaa fulani unakaa kwanza kwenye kiti, ndipo unapiga simu. Walikuwa wamemwomba mara nyingi aje kwetu apumzike. Yeye alijibu kila mara kwamba ana kazi na watu wanamngoja. Wanawe ni watoto waliolelewa vizuri, hawakuweza kubishana na kazi. Ile kompyuta ndiyo ilikuwa mlango wake na kufuli lake.

"Siku ya Mungu banakuja na gari," akaendelea. "Banasema banakuja kunisalimia. Mukwe, mutu anaenda kusalimia mama yake na pick-up na kamba?"

Nikamwambia sidhani.

"Kama banakuta machine imekufa, banapandisha kitanda changu mule mwa gari, na mimi juu ya kitanda. Nitasema nini? Kazi haiko tena."

Nilimhurumia kabisa. Na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli, nilijihurumia mimi pia. Nyumba yangu ina jiko moja. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alikuja kunisaidia wiki mbili, na mpaka leo chumvi yangu iko mahali alipoiweka yeye. Mwanamke aliyeongoza walimu hawezi kuingia jikoni kwa mtu akanyamaza, na mimi nikisahihishwa jikoni kwangu ninakuwa mtu mbaya. Yeye alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tukakubaliana bila kulitamka: kabla ya Jumapili, ile kompyuta itafufuka.

Nilimuuliza dalili. Kioo kilikuwa cheusi, na maneno machache meupe juu yake. Nikaelewa. Mfumo wa kuendeshea kompyuta aliokuwa nao ulikuwa ule wa kulipia, ambao sisi sote hapa tulikuwa nao wa kunakili bila kulipa, na flashi za wateja zilikuwa zimemletea virusi vya kila parokia. Kuutibu tena ilikuwa kazi ya bure. Nikaamua kumpa mfumo huria, ule ambao waliouandika wanaugawa kwa kila mtu na kumruhusu aunakili anavyotaka. Unaupakua kwenye mtandao, unauandika kwenye flashi, unachomeka flashi kwenye kompyuta iliyokufa, kompyuta inaamka kwa kutumia ile flashi. Kwenda mwenyewe sikuweza. Mtoto wangu mdogo alikuwa na homa, na mume wangu angeuliza ninaenda Beni kufanya nini.

Jumatano nzima nilipakua. Mtandao ulikuja, ukaondoka, ukarudi umechoka. Mchana faili likawa limefika, zima kwa kulitazama. Lakini mimi faili siliamini kwa kulitazama. Wale wanaotengeneza mfumo huu hutangaza pamoja nao mstari mrefu wa herufi na tarakimu, mrefu kiasi kwamba ukiusoma kwa sauti unaishiwa pumzi. Unalipitisha faili lako kwenye programu ya kupimia, nayo inakutolea mstari wake. Mistari miwili ikifanana tangu mwanzo hadi mwisho, faili ni lile lile lililotoka kwao. Ikitofautiana kwa herufi moja tu, kuna kitu kimeharibika njiani, au kuna mtu ametia mkono.

Jirani yangu wa duka ni mnunuzi wa dhahabu inayotoka Manguredjipa. Alikuja kuchaji simu akanikuta nafuata mistari kwenye kioo kwa ncha ya kalamu, huku midomo inacheza.

"Madame, mimi napima dhahabu," akasema. "Wewe unapima nini sasa, upepo?"

"Napima kama nimeibiwa."

Nilikuwa nimeibiwa. Mistari haikufanana hata mwanzo wake. Mtandao ulipokatika, faili lilikuwa limejeruhiwa tumboni, mahali pasipoonekana. Nikalifuta kwa maneno ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kuyajua, nikaanza upya. Mnunuzi wa dhahabu alisahau simu yake, akavuta kiti. Jioni mistari ilipofanana, tulikuwa wawili tunaoifuata kwa kidole, na yeye ndiye aliyepumua wa kwanza. Aliniambia kwamba kumbe kazi zetu ni moja, isipokuwa mimi sina mizani. Kabla ya kufunga duka niliuandika mfumo kwenye flashi nyekundu, nikaupima tena humo ndani, ukawa salama.

Sasa ulihitajika mkono wa kuipeleka. Dada wa mume wangu, wifi yangu, ni mfanyabiashara. Hupeleka viazi na kabichi za Lubero kwenye soko la Beni, Alhamisi na Jumamosi, na hurudi na mafuta ya mawese. Aliolewa na Mprotestanti akawa mwimbaji mkubwa wa kwaya huko kanisani kwa mumewe. Ana roho nzuri sana, lakini siri kwake haikai, inapita kama mgeni. Kwa hiyo sikumweleza ni nini.

"Hii ni ya Mama," nikamwambia Alhamisi alfajiri, gari la mizigo likiwa linamngoja. "Mupe mikononi. Na tafadhali, hapana weka kitu ndani."

"Kuko nini ndani?"

"Hakuna cha kuangalia."

Alinitazama kwa namna fulani, akaifunga flashi kwenye pembe ya kitenge. Nilidhani nimemaliza kazi.

Alasiri mama mkwe akapiga simu. Alikuwa amechomeka, amewasha, amebonyeza kitufe nilichomwambia. Kompyuta ilimwambia kwamba haioni chochote cha kuiamsha. Nikamfundisha njia nyingine, ikakataa. Nikamfundisha ya tatu, huku nikisikia sauti yangu inapanda, na yeye akaniambia nishushe sauti, yeye si wa darasa la kwanza.

"Ngoja," akasema mwishoni. "Nitaiweka mule mwa redio, tuone kama iko nzima."

Ana redio ndogo yenye tundu la flashi, kama kila mtu. Nikasikia inakwaruza. Kisha, kutoka Beni hadi Mususa, ndani ya sikio langu, kwaya nzima ikaanza kuimba. Ngoma, gitaa, sauti za juu, na mbele ya sauti zote, ikiwatangulia wenzake kama kawaida yake, sauti ya wifi yangu.

Tuliusikiliza ubeti mpaka ukaisha.

"Banaimba muzuri," akasema mama mkwe, ambaye ni Mkatoliki wa kubatizwa utotoni. "Lakini banarefusha."

Wifi aliporudi Ijumaa nilimngoja njiani, mikono kiunoni. Hakuona kosa lake hata kidogo. Kufika Beni, alikuwa amepitia kwanza kwa rafiki yake mwenye kompyuta. Kompyuta ilipoona flashi yangu ilisema haiielewi, ikauliza kama ifutwe na kupangwa upya. Akajibu ndiyo. Ilipokwisha kufutwa, akaona ndani hakuna kitu.

"Nilisikia haya, wifi," akaniambia, na kweli alikuwa na haya usoni, ila ilikuwa haya kwa ajili yangu. "Mutu anamutumia mama mukwe flashi bure, bila kitu ndani? Batu batasema nini? Nikaijaza. Nimeweka nyimbo zote za choeur, cantiques zote. Nilisema ni wewe ulituma."

Hasira yangu ilikuwa tayari mdomoni, ikakosa pa kutokea. Alikuwa ameokoa heshima yangu. Kufuatana na kila kitu tulichofundishwa na mama zetu, yeye alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mchawi. Mtu aliyelelewa huku akipewa chombo kitupu cha kupeleka kwa mama mkwe, mikono yake inakijaza yenyewe kabla akili haijaulizwa.

Nilikaa dukani nikafikiri. Ningeweza kumweleza yote, naye angeniahidi, na njiani moyo wake ungemshinda. Mwenye duka lingine la kompyuta angeona flashi, naye angetaka kuangalia. Kisha nikakumbuka kwamba desturi si moja. Kama ipo inayosema chombo hakiendi kitupu, ipo pia inayosema chakula cha mama mkwe hakifunuliwi njiani. Anayekibeba hana ruhusa hata ya kuinua jani. Akikifunua, jina lake linakuwa mlafi, na jina hilo linarithiwa na watoto wake.

Ijumaa hiyohiyo nikachinja kuku.

Nilimkaanga kwa vitunguu na nyanya, nikampanga kwenye sufuria ndogo yenye kifuniko, nikaweka sufuria ndani ya kitunga. Flashi mpya, iliyoandikwa na kupimwa, nikaifunga kwenye plastiki na kuitia ndani ya kikopo kikavu cha majani ya chai, nikakilaza chini ya sufuria. Juu ya vyote nikafunika majani ya ndizi, nikafunga kwa kamba kwa mafundo ambayo mume wangu hutumia kwenye mizigo. Yeye anafanya kazi uwanja wa ndege wa Rughenda, anapima mizigo ya abiria, na mafundo yake hayafunguki bila matusi. Jioni alipofika akauliza harufu ya kuku inatoka wapi. Nikamwambia ni ya mama yake. Alifurahi sana. Aliniambia kwamba hata hivyo ni vizuri mama ale kuku wake wa mwisho akiwa Beni. Nikaenda kuangalia kama mtoto bado ana homa.

Jumamosi wifi alibeba kile kitunga mapajani njia nzima. Baadaye aliniambia kwamba abiria walimuuliza kuna nini kinachonukia hivyo, kwamba harufu ilimtesa tangu walipotoka mjini, na kwamba hakuinua hata jani moja. Nilimsifu kwa moyo wote. Nilikuwa nimelipiza kisasi kwa ajili ya kwaya, na alikuwa hajui.

Kufika adhuhuri mama mkwe alikuwa mbele ya kompyuta, simu mezani, sauti imefunguliwa. Nami nilikuwa dukani, simu yangu pia imefunguliwa sauti, mtoto amelala kwenye godoro dogo nyuma yangu. Alichomeka flashi, akawasha. Kisha akasoma kwa sauti ya darasani maneno yaliyotokea kwenye kioo, na mimi nikafunga macho nikamshukuru Mungu na yule kuku.

"Chagua mustari wa kwanza, Mama. Bonyeza, uanze."

"Kuko mustari mwingine unasema ikague flashi kwanza."

"Achana nao. Inachukua wakati. Nilishapima huku."

"Wewe ulipima huko. Njiani alikuwa nani?"

Nikageuka kumfunika mtoto.

"Njiani alikuwa mutoto wangu," akasema. "Namujua. Nitakagua."

"Mama, wakati unatupita. Kesho banakuja."

"Mukwe, mwanafunzi hasahihishe mutihani yake mwenyewe."

Akabonyeza. Mimi niliyefuata mistari kwa ncha ya kalamu, sasa nilikuwa nahesabu dakika kwa sababu mtu mwingine anapima. Tukawa tunangoja, yeye akinisomea asilimia polepole. Na katikati ya kungoja huko, mume wangu akaingia dukani.

"Unajua turubai yangu iko wapi?" akauliza. "Ile kubwa. Mvua isije ikanyeshea kitanda cha Mama."

Nilishika simu nikaitia chini ya rundo la nyaya. Nikamwambia turubai liko juu ya kabati. Rundo la nyaya likasema, wazi kabisa, kwamba limefika nusu na halijaona kosa.

Mume wangu alisimama.

"Huyo ni nani?"

"Mteja."

"Anaongea kama Mama."

"Bamama ba Beni bote banaongea vile," nikamjibu, nikachukua bisibisi na kufungua kompyuta ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Alinitazama kidogo, akatazama nyaya, akaenda kutafuta turubai. Mpaka leo sijui kama aliniamini. Ni mtu anayepima mizigo, anajua begi likizidi, lakini pia anajua lini afumbe jicho.

Mara nikasikia chini ya nyaya: "Mukwe, imemaliza. Haina kosa hata moja. Sasa ndio tunaanza."

Kompyuta iliamka kwa ile flashi. Kwanza nilitaka tuone kama kazi zake za zamani bado zimo. Virusi vilikuwa vimezificha tu, wala havikuzila, na mfumo mpya haukujali uficho huo. Alizisoma moja moja huku sauti ikimpanda: harusi, mazishi, mitihani ya muhula, kipaimara. Lakini kabla ya kuusimika mfumo juu ya ule mgonjwa ilibidi kuziweka kando mahali salama, maana usimikaji ungefuta kila kitu. Mahali salama ni flashi nyingine, na flashi nyingine hakuwa nayo.

"Iko ile ya choeur," akasema.

Ilikuwa na nafasi tele. Tukahamishia harusi zote na vifo vyote vya mtaa ule kwenye flashi ya kwaya, katikati ya nyimbo za wifi yangu, kisha tukausimika mfumo mpya. Kama wifi asingeifuta na kuijaza ile ya kwanza, ingefika peke yake, kwenye kompyuta ambayo tusingethubutu kuigusa. Nililiona hilo palepale. Sikumwambia wifi, kwa sababu angeimba.

Jumapili baada ya misa tuliondoka na pick-up, mume wangu na ndugu zake wawili, kamba, turubai, na mimi na mtoto mgongoni, ambaye homa yake ilikuwa imemwachia. Njiani hakuna aliyeongea sana. Walikuwa wameshagawana kazi: nani atabeba kitanda, nani kabati, nani atamshika Mama mkono.

Tulimkuta kibandani. Kwenye benchi walikaa watu wanne wakingoja, mmoja akiwa bibi harusi aliyetaka programu yake kabla ya jioni. Mama mkwe alikuwa anachapa. Hakuinua kichwa.

"Mukae mu ligne," akasema.

Wanawe wakashika foleni, wakakaa mwisho wa benchi, na kamba zao magotini. Alimaliza harusi, akamaliza tangazo la kifo, akamsahihisha kijana mmoja maombi yake ya kazi mpaka masikio ya kijana yakawa mekundu. Mume wangu alinyoosha shingo kutazama kioo.

"Hii machine haiko ile," akasema.

"Ni ileile," mama yake akajibu. "Imeokoka."

Zamu yao ilipofika alivua miwani, akawageukia. "Mulisema munakuja kunisalimia. Bon. Munisalimie."

Wakamsalimia mmoja mmoja, wanaume wazima wenye ndevu. Kisha mume wangu akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akikisema mbele ya watu.

"Mama, tunaogopa."

Printa ilikuwa bado inatoa karatasi ya mwisho.

"Na mimi naogopa," akasema. "Munafikiri siogope? Lakini heri niogope nikiwa na kazi."

Nilimtazama mume wangu nikaona macho yake yamejaa, nami nikaona aibu, kwa sababu katika wiki ile yote nilikuwa nimefikiria jiko langu zaidi kuliko woga wake.

Na gari je? Gari lilikuwa limekuja kubeba, na gari ni chombo kama vyombo vingine. Mama mkwe hakukubali lirudi tupu. Aliwatuma wanawe wakapakie ndizi, mchele, mafuta ya mawese, mapapai, na mbao ambazo alikuwa ameziweka miaka na miaka akisubiri mtu mwenye gari. Zile kamba zilifanya kazi. Turubai pia lilifanya kazi, maana kweli mvua ilinyesha. Tulirudi Butembo tumebanana, mbao moja ikinichoma ubavuni, na mwenye nyumba amebaki nyumbani kwake.

Tulipokuwa tunaagana alikuwa amenitia kitu mkononi, kimefungwa kwenye leso. Nilikifungua usiku ule nyumbani. Ilikuwa flashi yangu ya pili, ile ya mfumo.

Kesho yake dukani niliichomeka na kuipima, kwa mazoea tu. Mstari ulitoka. Nikaufuata kwa ncha ya kalamu tangu mwanzo hadi mwisho. Ulifanana. Mama mkwe hakuongeza hata herufi moja, sawasawa na nilivyomwagiza wifi, na baadaye yeye mwenyewe kwa simu: usiweke kitu ndani. Fundi yeyote angefurahi. Nikageukia kitunga kilichokuja pamoja na mizigo, ambacho nilikuwa nimekibeba dukani asubuhi. Sufuria yangu ya kuku ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Haikuwa na karanga, wala mchele, wala hata punje ya sukari. Kikopo cha chai, hivyohivyo.

Niliumia. Nakiri hilo bila kuficha. Wanawe walipewa gari zima, na mimi niliyechinja kuku, niliyemdanganya mume wangu mchana kweupe, nikarudishiwa sufuria kama mtu asiye na jina. Nilivumilia mpaka mchana, kisha nikampigia simu, nikazunguka kwanza kwenye habari za printa na za mvua.

"Mama," nikasema mwishoni, "nilipata flashi. Iko bure."

"Si wewe ulisema hapana weka kitu?"

"Ni mimi. Lakini sufuria sikusema."

Nikasikia vidole viwili vinaacha kuchapa.

"Sikia. Chombo ya mutu wa inje ndio banarudisha na kitu ndani, asije akasema tunakula vyake bure. Miaka yote hii nakujazia sahani, nakuheshimu. Mutoto wa nyumba banamujazia nini? Sufuria ni yake, karanga ni zake, anakuja anachota." Kisha akanishukuru kwa lugha ya nyumbani. "Wasingya, mwana wangu. Sasa niache, kuko batu mu ligne."

Nilikaa na simu mkononi. Zile sahani zote nilizowaonyesha majirani, na karanga zake, na sukari ya kwenye kitambaa, zilikuwa za mgeni. Mnunuzi wa dhahabu akachungulia mlangoni, akaniuliza kama leo napima tena, maana ninalia. Nikamwambia nimeshapima, mistari imefanana.

Tangu siku ile vyombo vyangu vinarudi kutoka Beni vitupu kabisa. Na vingine, sufuria zile nzuri hasa, havirudi.